Wiki Sita Bila Cherehani

Wanawake wa chama walifika nyumbani kwetu Mundika siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi. Walikuwa kumi na mmoja, wamejifunga leso za rangi moja, na walikuja wakiimba. Wimbo ulikuwa wa kanisani, unahusu upendo. Katika sehemu zetu hizi, mtu akikopa kwenye chama na kushindwa kulipa, wenzake huja kuchukua vitu vya thamani ya deni, na chama cha mke wangu hakifanyi kazi hiyo kwa matusi kama watu wasiolelewa. Kinaimba, kinaomba mlangoni, kinauliza hali ya watoto, halafu kinabeba kabati.

Mke wangu alikuwa amekopa elfu kumi na nane kwa ajili yangu. Mimi huuza chai kwenye foleni ya malori mpakani Malaba, nikirudi nyumbani Alhamisi kwa Alhamisi, na nilikuwa nimemweleza kwa ufasaha mkubwa kwamba nikipata mkokoteni na chupa tatu kubwa za chai, nitahudumia malori mara tatu ya yale ninayoyafikia kwa kutembea na birika. Alinisadiki. Ni kosa ambalo hajalirudia. Nilinunua chupa moja.

Pesa zilizobaki zilienda wapi? Mama mwenyekiti aliuliza hivyo hivyo, na jibu lilikuwa limejaa nyumba nzima. Akaanza kuokota kimoja kimoja.

"Shemeji, hii ni nini?"

"Darubini."

"Ya kuangalia nini hapa Mundika?"

"Mbali."

"Na hii?"

"Mizani ya kupimia watoto wachanga."

Alimtazama mke wangu tumboni. Mke wangu akatazama mabati ya paa. "Mna mtoto mchanga?" mama mwenyekiti akauliza.

"Hapana, mama. Wetu yuko darasa la nne."

Kulikuwa pia na pampu ya maji isiyo na injini, tochi yenye redio na king'ora, tarumbeta, koti la suti la mtu mnene kuliko mimi, na saa ya ukutani yenye picha ya jiji ambalo hadi leo sijui liko nchi gani. Mweka hazina, mwanamke mwembamba mwenye daftari gumu, alivipiga bei vyote akaandika kwamba kwa pamoja havifiki elfu mbili, na kuvibeba kungekuwa kuwachosha akina mama bure.

Nilikasirika. Nilikuwa nimetumia zaidi ya elfu kumi na tano! Hata mtu anayenyang'anywa ana heshima yake.

Basi wakageuka wote, wakaitazama cherehani.

Ilikuwa karibu na dirisha, na mke wangu alikuwa ameketi mbele yake, mguu bado kwenye kanyagio. Sare za shule zilizoshonwa hapo ndizo zilizotulisha miezi ile chai ilipogoma. Mama mwenyekiti alipunguza sauti.

"Dada, sheria unaijua. Ulisaini mwenyewe."

"Najua."

"Itakaa kwangu Busibwabo wiki sita. Mkilipa, inarudi. Msipolipa, tunaiuza."

Wawili wakaibeba, mmoja kichwa chake, mwingine miguu yake, wengine wakaanza ubeti wa pili. Mke wangu alibaki kwenye kigoda, mbele yake pakiwa na alama nne za vumbi sakafuni.

"Baba," akaniambia, "sitakuuliza kitu. Nitahesabu Alhamisi."

Ningependa kusema nilinunua vitu hivyo kwa ulevi, maana mlevi angalau watu humwelewa. Situmii pombe. Tatizo langu ni moyo. Ukitikisika, mkono unaingia mfukoni. Niliacha shule darasa la saba, na karo ilichangia, lakini ukweli ni kwamba lori lilisimama karibu na kwetu, nikamuuliza utingo linakwenda wapi, akasema hajui vizuri, nami nikaona haiwezekani nikae darasani wakati kuna mtu anasafiri bila kujua aendako. Nimekuwa utingo, nimekuwa mpasua mbao, nimechimba visima, nimelinda shamba la miwa ambalo mwenyewe ndiye aliyekuwa mwizi. Mwishowe nikafika Malaba, ambako malori husimama yenyewe na mtu anaweza kuuliza maswali bila kukimbia.

Niliwauliza madereva kila kitu. Kwa nini kufuli ya kontena ina namba? Juba kuna baridi? Mafuta ya ndege yananukaje? Walinijibu, kwa sababu foleni ni ndefu na chai ni moto. Kisha dereva mmoja angenieleza jinsi jua linavyozama kule Kongo, nami nikitazama birika langu nilijiona mdogo kama kifuniko chake. Hapo ndipo mchuuzi alipopita na darubini. Siku nyingine nilifurahi kwa sababu nimemaliza chai kabla ya saa sita, nikajipongeza kwa tarumbeta. Mizani ya watoto niliinunua nikiwa sina huzuni wala furaha. Nilitaka kujua sindano yake inavyorudi kwenye sifuri. Inarudi kwa springi.

Basi wiki ya kwanza bila cherehani nilitunga mpango, na niliutunga kwa akili zangu zote, kwa hiyo nisimlaumu mtu. Nilisema: kinachoniponza ni kuwa na pesa ya Kenya mfukoni. Kila jioni nitaibadilisha niwe na ya Uganda. Niko upande wa Kenya, wachuuzi ni wa Kenya, nitanunua na nini? Pesa itakuwa imefungwa jela, na mimi sina ufunguo.

Mbadilisha fedha niliyemwendea alikuwa mama mmoja aliyekaa chini ya mwavuli karibu na geti, mkoba kiunoni, vidole vyeusi kwa noti. Shilingi moja yetu alinipa ishirini na saba za kwao. Nikampa elfu mbili, nikapokea elfu hamsini na nne. Sijawahi kushika elfu hamsini na nne. Nilitembea mbele ya malori kifua mbele kama mtu aliyeuza kiwanja, na moyo, ambao nilikuwa nimeuambia utulie, ukafurahi.

Mchuuzi wa kwanza kukutana nami aliuza mikanda.

"Sina pesa ya Kenya," nikamwambia, nikisikia fahari ya mtu aliyeokoka.

"Ssebo, bwana, nani alikuuliza ya Kenya?" Alikuwa wa upande wa pili, kama nusu ya wachuuzi wote. Wale wa upande wetu nao walizipokea, tena kwa kuchangamka, maana hesabu waliipiga wao. Nimeishi Malaba miaka minne. Nimewauliza madereva habari za miji kumi ambayo sitaifikia. Sikuwahi kuona kwamba mama anayeniuzia sukari huweka pesa za nchi mbili kwenye kopo moja.

Nilinunua mkanda. Kisha, kwa kuwa mchuuzi alinipunja kwenye hesabu, nikajiwekea kanuni: nikitaka kununua kitu, nitarudi kwanza kwa mama wa mwavuli nibadilishe kwa bei nzuri. Bei yake nzuri ilikuwa hivi: akinunua pesa yangu alinipa ishirini na saba, na akiniuzia alitaka ishirini na tisa. Nilikwenda na kurudi. Asubuhi naogopa Alhamisi, narudisha. Jioni najilaumu, nabadilisha. Wiki ya tatu alikuwa ananiona nikiwa mbali.

"Boss, leo umefurahi au una huzuni?"

"Kwa nini?"

"Nijue nitoe noti za wapi."

Watu waliokuwa kwenye mstari walicheka. Mimi pia nilicheka, halafu nikamuuliza, maana sijawahi kuacha swali lipite, amepata kiasi gani kwangu tangu nianze. Akafungua kidaftari, akalamba kidole, akapekua.

"Karibu elfu moja. Lakini usijali, boss. Wengine wana ng'ombe, mimi nina wewe."

Nyumbani, mke wangu alikuwa anashona kwa mkono. Vifungo, pindo, zipu za watu. Sare moja ambayo cherehani ingeimaliza kabla ya uji kupoa ilimchukua siku mbili, na mama wa mtoto mwenye sare alimwambia waziwazi kwamba muhula ujao atakwenda kwingine. Kila Alhamisi nilipofika kutoka Malaba aliweka sindano chini, akasema, "Tatu zimeisha," au "Nne." Hakuniuliza kiasi. Vidole vyake vya kulia vilikuwa na matundu madogo mengi, na alivificha chini ya nguo aliyoishika kama mtu anayeficha kitu alichoiba.

Alhamisi ya nne nilihesabu nikiwa chooni, kwa aibu. Nilikuwa na elfu nane. Wiki mbili zimebaki. Nikichukua vitu vyote nilivyokuwa nimenunua, daftari la mweka hazina lilisema elfu mbili.

Nilivibeba hata hivyo. Nilivifunga kwenye magunia mawili nikapanda navyo gari hadi Malaba, nikajaribu kuwauzia wachuuzi walewale walioniuzia. Walinitazama kwa huruma. Mwenye darubini alisema hajawahi kuiona darubini ile maishani mwake.

Jumanne ya wiki ya tano, sistimu ya kupitisha mizigo ililala. Hutokea. Makarani hutoka nje, hunyoosha migongo, na madereva huambiwa wasubiri kidogo. Kidogo hicho kikafika siku ya tatu. Foleni ilirudi nyuma hadi sikuuona mwisho wake. Nilipita na birika, na kwa mara ya kwanza sikuuliza swali. Niliangalia nyuso. Nilizijua zote. Huyu amegombana na mkewe kwenye simu. Huyu amechoka mpaka anasoma maandishi kwenye paketi ya biskuti. Huyu mzigo wake unaoza na bosi wake anampigia kila saa. Hizo zilikuwa nyuso zangu, zimekaa juu ya usukani mmoja baada ya mwingine, na kila moja ilikuwa na posho ya safari.

Nikarudi chumbani kuchukua magunia.

Tochi yenye king'ora ilikwenda kwa dereva aliyekuwa anaogopa kuibiwa dizeli. Koti la suti lilimkaa vizuri sana dereva mmoja mnene, tukafurahi wote wawili, yeye zaidi. Dereva kijana alikuwa amepigiwa simu muda huo kwamba mkewe amejifungua, na alikuwa anacheka peke yake ndani ya kibanda cha lori. Nilimwonyesha mizani. Aliibusu. Sikumwambia kwamba atafika nyumbani mtoto akiwa ameanza kukaa.

Dereva wa tangi la mafuta ndiye aliyesita. Mtu mzima, mwenye mvi, yule aliyegombana na mkewe, simu mkononi isiyopokewa upande wa pili. Aliishika darubini muda mrefu.

"Sasa mimi nikinunua hii, nitaangalia nini?"

Hapo palikuwa na nafasi. Ningeweza kumwambia, mzee, weka pesa yako, kunywa chai, hii haitamfanya mkeo apokee simu. Nilikuwa mtu pekee katika foleni nzima aliyejua hilo kwa hakika.

"Mbali," nikamwambia.

Akalipa elfu mbili na mia tano. Niliona aibu kwa urefu wa malori mawili. Kwenye la tatu niliuza tarumbeta.

Sistimu ilipoamka Ijumaa nilikuwa nimebaki na pampu peke yake, na vitu ambavyo chama kilikataa kuvibeba vilikuwa vimenipa zaidi ya elfu tisa. Nilimtumia mke wangu pesa zote kwa simu saa ileile, kabla sijafurahi. Za chai ya wiki ya sita nilimtumia pia, kila jioni, nikipita mbele ya mwavuli nikiangalia upande mwingine. Mama wa noti aliniita "boss, boss" mara mbili, kisha akashika tama kama mtu aliyefiwa.

Alhamisi ya sita tulikwenda Busibwabo pamoja. Cherehani tuliikuta barazani kwa mama mwenyekiti, na chini ya sindano yake kulikuwa na gauni nusu.

"Binti yangu alikuwa anaizungusha kidogo," mama mwenyekiti akasema, "isishike kutu."

Kando yake kulikuwa na magauni mengine saba yaliyokwisha kuzungushwa.

Mweka hazina alihesabu elfu kumi na nane mara mbili, kisha akatudai mia tano za usumbufu wa kubeba. Mke wangu akatoa. Akina mama wakapiga makofi, na mama mwenyekiti akasimama, uso umejaa nuru.

"Mlipaji mzuri hupandishwa. Kuanzia leo shemeji anaweza kupata elfu thelathini. Tena leo leo, tukitaka."

Makofi yakaongezeka. Nilisikia joto kifuani. Wanawake kumi na mmoja walikuwa wananitazama kama mtu wa maana, na nakiri hapa, sikuwa nimewaza jambo lolote, lakini mkono wangu wa kulia ulianza kupanda.

"Huyo hakopi," mke wangu akasema. Alikuwa ameinama, anazungusha gurudumu la cherehani, anasikiliza. "Na mimi simkopei. Vua koti lako la kazi."

"La nini?"

"Nataka kuijaribu kabla sijasaini kwamba nimeipokea. Vua."

Nikavua. Aliliweka chini ya sindano, akashona mdomo wa mfuko wa kulia mpaka ukafungika. Akageuza, akafunga wa kushoto. Akalipindua, akafunga ule wa ndani. Mishono ilikuwa midogo na imenyooka. Akakata uzi kwa meno, akanirudishia koti, akamgeukia mweka hazina.

"Ni nzima. Lete daftari."

Bodaboda ilikuwa moja. Miguu ya cherehani ilifungwa nyuma kwa mpira, na mke wangu akapanda katikati, amekumbatia kichwa cha mashine mapajani kama mtoto aliyelala. Wakaondoka. Mimi nilishika njia ya Mundika kwa miguu, koti begani, mikono ikining'inia kwa kukosa pa kuingia.