Celica ya Fundi wa Mangobo

Fundi wa mutaa ya Mangobo alikuwa anaosha gari yake nyekundu, Celica, kila asubui, hata siku mabomu inaanguka. Kisha anatoa delko, kipande yenye bila yeye gari haiwaki, anaiweka mufukoni ili basoda, baaskari ba vita, basiibe gari. Bon, siku moja bakakuja.

"Papa, washa."

"Chef, ilikufaka zamani."

"Ni maiti gani unaogesha kila asubui?"

Bakaivuta na kamba mupaka kambi. Gari ya mbio namna ile, na bale bapumbavu bakafugia kuku ndani! Inanikasirisha mupaka leo. Yeye, delko mufukoni, akaendelea kwenda kule na ndoo, anaosha vioo. Sentinelle, mulinzi wa kambi, akamuuliza:

"Papa, unaosha gari ya nani?"

"Yangu. Toa kuku yako."