Bega Lililokazwa

Bega langu liliteguka mara ya kwanza nikibeba gunia la kahawa katika shamba la Mzungu mmoja kule Ruiru. Tangu hapo lilitoka kwa jambo dogo tu, hata chafya. Likitoka, nyapara alinilaza mbele ya wachumaji wenzangu, akatia kiatu kwapani mwangu na kuvuta mkono hadi urudi. Watu walicheka. Kwa kuwa walicheka, alivuta polepole.

Mwishowe daktari wa Thika akanipasua. Nilizinduka nikitapika, mkono umefungwa bendeji kifuani.

"Nimezikaza nyama zilizolegea," alisema, nesi akitafsiri. "Usiuinue mkono huu mpaka nikuruhusu."

Nikarudi kwa mama, katika kijiji tulikosukumwa na askari wa wakoloni baada ya nyumba zetu kuchomwa. Mume wangu alikuwa kizuizini. Wanawake wote walikuwa wakichimba handaki kukizunguka kijiji. Msimamizi alikuwa homugadi, mmoja wa wenyeji waliopewa silaha na wakoloni watulinde, mtoto wa jirani yetu wa zamani.

"Mkono unaendeleaje?" aliniuliza kwa upole.

"Daktari amenikataza kuutumia."

"Huo mmoja. Na huo mwingine?" Akanipa jembe.

Nilichimba kwa mkono wa kushoto. Mama, akimaliza sehemu yake, aliingia yangu kimyakimya. Siku ya tatu homugadi akamwona.

"Kumbe una nguvu, mama. Hebu mfungue binti yako, naye achimbe kama wenzake."

Mama akakataa. Akapigwa kiboko cha mgongo, kisha cha shingo. Mimi mwenyewe nikamwambia, "Fungua tu, mama." Akalifungua fundo, bendeji ikaanguka kwenye udongo mwekundu.

Nikainua jembe kwa mikono miwili. Nilisikia kitu kikiraruka ndani, halafu damu ikanitiririka ubavuni. Wanawake wakapandisha wimbo wa kazi ili kilio changu kisisikike, maana aliyelia aliongezewa viboko.

Kidonda kilitunga usaha. Kilipopona, bega lilikuwa limeganda. Niliporudi Thika, daktari alilishika, akajaribu kulizungusha, akaliacha.

"Halitateguka tena," nesi alisema, akaita mgonjwa mwingine.

Kweli, halikuteguka tena. Wala halikuinuka. Kwa miaka yote iliyobaki mama ndiye aliyenivisha nguo, akianza na mkono ule mbovu, na kila mara aligeuza uso kando.