Msichana wa Aveba Aliyeshika Chaki Yangu

Katika darasa letu la tano la sekondari, tawi la biokimia, tulikuwa wengi kupita mabenchi. Benchi la watu wawili tulikaa wanne, na waliochelewa walisimama nyuma wakiandika juu ya mgongo wa mwenzao. Kitabu cha biolojia kilikuwa kimoja tu, cha profu, mwalimu wetu, mwenyewe. Na profu huyo, mwanaume mpole wa makamo, vumbi la chaki lilimbana kifua. Akiandika mistari miwili anaanza kukohoa mpaka machozi yanamtoka. Kwa hiyo alitafuta mwanafunzi mwenye mwandiko mzuri wa kumwandikia kwenye tablo. Alinichagua mimi.

Sikuwa wa kwanza darasani. Sikuwa mrembo, wala baba hakuwa na duka mjini kama baba wa wengine waliotoka Butembo. Lakini profu akiingia alinitafuta kwa macho, akanipa kitabu kikiwa wazi, na darasa zima likangoja mkono wangu. Nikitaka kufuta kabla hawajamaliza, wanapiga kelele: "Ngoja, yaya! Ngoja kidogo!" Vijana wenye ndevu, wananiita yaya, dada mkubwa. Nilikuwa narudi nyumbani, mtaa wa Nyakasanza hapa Bunia, na nywele nyeupe kwa chaki, na sikuzipangusa njiani makusudi, ili watu waone.

Kisha malaria ikanilaza. Nilipopata nguvu ya kutembea nilirudi masomoni, na mlangoni nikakuta msichana nisiyemjua amesimama mbele ya tablo. Jirani wa benchi alininong'oneza kwamba ni mgeni, yeye na watu wa kwao wamekimbia vita kutoka Aveba, anakaa kwa shangazi yake huko mtaa wa Bigo. Sketi yake ya buluu ilikuwa imefifia, si buluu kama yetu. Lakini mwandiko wake! Herufi zilisimama wima, kubwa, zimeachana vizuri, na mstari ulinyooka toka mwanzo wa tablo hadi mwisho kama umepigwa kwa rula. Wa nyuma kabisa walikuwa wanaandika kimya. Hakuna aliyelia "ngoja".

Saa ya kutoka nilimfuata profu kwenye baraza.

"Profu, nimeshapona."

"Aksanti kwa Mungu," alisema. "Bakia fasi yako kwanza, pale benchini. Ule mutoto iko anasaidia vizuri."

"Lakini niko na nguvu."

"Najua. Bakia tu."

Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliniumiza. Nyumbani, mama, ambaye anauza maharagi sokoni, alinikuta nimenuna juu ya sahani ya sombe, majani ya muhogo.

"Wamekuachia mukono upumzike, sasa weye unalia nini?"

Ningesema nini? Kwamba nalilia chaki?

Wiki zile nilikaa nikimtazama yule msichana mgongo. Nilitafuta kosa kila siku kama mtu anayechagua mawe katika mchele. Siku moja nikalipata: alisahau aksanti, kile kialama cha juu ya herufi, katika neno moja la Kifaransa. Nilisimama.

"Kule juu, aksanti inakosa!"

Aligeuka, akatazama, akaiweka. "Aksanti sana, yaya," akasema, na akatabasamu. Darasa lilicheka kwa sababu ya maneno hayo mawili yanayofanana, kisha wakampigia makofi. Yeye! Nilikaa chini uso ukiniwaka moto.

Kibaya zaidi ilikuwa siku za mvua. Mvua ya Bunia ikipiga mabati, sauti ya profu haisikiki hata benchi la pili. Zamani, wakati kama huo, mimi ndiye nilikuwa somo lenyewe. Sasa macho ya wote yalifuata mkono wake, na yangu pia.

Ilipofika enterogasio, jaribio la darasani, nilipata pointi nyingi kuliko nilizowahi kupata. Sababu ilikuwa wazi. Anayeandika kwenye tablo hana nafasi ya kuandika kwenye kaye yake, daftari lake mwenyewe. Zamani mimi nilikuwa nanakili za wenzangu mbiombio wakati wa rekreasio, mapumziko ya katikati ya masomo, nusu nusu. Sasa nilikuwa na kaye kamili. Profu alinisifu mbele ya watu. Sikufurahi. Sikutaka pointi, nilitaka kusimama pale.

Rekreasio hiyo yule msichana alikuja benchini kwangu. Yeye alikuwa amepata kidogo.

"Yaya, unaweza kunikopesha kaye yako? Niko naandikia wote, miye mwenyewe sina kitu."

Nilitaka kumwambia achague: chaki au pointi. Maneno yalifika mdomoni. Lakini aliponyoosha mkono niliona vidole vyake vimekauka na kupasuka kwa vumbi, kama vyangu vilivyokuwa.

"Paka mafuta," nilimwambia. "Mawese kidogo, mbele ya kulala." Na nikampa kaye.

Tangu siku hiyo alikaa karibu nami kila rekreasio, ananakili, ananiuliza. Watu walituita marafiki. Kweli tulikuwa, na wivu ulikuwapo papo hapo, tumekaa watatu.

Mwaka uliofuata profu alihamishiwa mji mwingine. Aliyekuja mahali pake alikuwa na sauti ya kuvunja mabati. Alifunga mlango, akaanza kutusomea haraka, wala hakutafuta mtu wa kumwandikia. Nilimtazama msichana wa Aveba akikaa chini pamoja na sisi wengine, mikono mitupu, na nilisikia furaha ambayo nisingeweza kumwambia mtu. Yeye hakuonekana kuumia hata kidogo. Hilo nalo nilimwonea wivu.

"Sogea, yaya," alininong'oneza, akijibana kwenye pembe ya benchi. "Huyu anakimbia. Amesema nini?"

Nilimrudia sentensi nzima, polepole, mpaka akamaliza kuandika.