Vidole Viwili na Kopo la Sifa

Mimi ndiye niliyekuza michoro ya boti ya kwanza ya faiba iliyotoka katika banda letu la Kilifi, na kwa miezi saba baba yangu aliiita bakuli. Hakuwa akitania. Kila aliposhuka kwenye feri kutoka upande wa Mnarani aliniuliza, "Bakuli lenu limefika wapi?" kama anayeulizia hali ya mgonjwa asiyempenda sana.

Baba alikuwa fundi wa mashua na hakuwahi kuchora kitu. Alikwenda bara, Ganze na Vitengeni, akatafuta matawi yaliyojipinda yenyewe, akayalaza mchangani na kuyatazama siku nzima, na siku ya pili akaanza kuchonga. Kazi ikiisha, alikipaka chombo sifa, yale mafuta ya ini la papa, ubao kwa ubao, mpaka mtaa mzima ukajua kwa harufu kwamba leo kuna mashua inayoshuka majini. Kwake yeye, chombo kisichopakwa sifa bado hakijazaliwa.

Mimi binti yake nilikuwa nimesomea uchoraji wa ramani za nyumba, nikaajiriwa na Mzungu mmoja, mhandisi mstaafu mwenye magoti mekundu. Alitaka boti ndogo ya tanga itakayoshinda mashindano ya Jumamosi, kisha wiki inayofuata imchukue yeye na mkewe mpaka Lamu wakilala humo humo ndani. Haya ni mambo mawili yasiyopikika chungu kimoja. Boti ya mashindano yataka wepesi. Boti ya safari yataka vitanda, jiko na pipa la maji. Kila Jumatatu alifuta kitu kwenye mchoro wake, na kila Alhamisi akakirudisha. Jiko lilitolewa mara tatu. Siku alipotoa choo, mkewe alikuja bandani mwenyewe, na choo kikarudi.

Kazi yangu ilikuwa kuichora upya michoro ile kwa ukubwa wake kamili juu ya sakafu ya plaiwudi, nimepiga magoti, leso kiunoni, nikifuatisha penseli kwenye ubao mwembamba uliopindwa. Kwa mistari hiyo maseremala waliunda umbo la mbao. Juu ya umbo ingetengenezwa kalibu, na ndani ya kalibu ndimo faiba ingelazwa na kumwagiwa gundi yake mpaka ikauke iwe boti.

Miezi ile yote nilitaka kitu kimoja tu: baba aitazame mistari yangu aseme "chombo". Najua ni utoto, nami nilikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na sita. Lakini nililitaka neno hilo mpaka nikawa na hasira nalo.

Umbo la mbao lilipokamilika nilimwita. Nikamwamkia, akaitikia, akavua viatu, akaanza kulipapasa kwa kiganja, macho kafumba. Alipofika mbele, kwenye omo, mkono ukasimama.

"Kachora nani hapa?"

"Mimi, kwa michoro ya bwana."

"Mwambie bwana wako pua hii itakunywa maji. Upepo ukija kwa nyuma, itainama tu." Akaweka vidole viwili juu ya ubao. "Inenepe hivi. Toka hapa mpaka hapa."

"Halafu kitakuwa chombo?"

"Halafu litakuwa bakuli lenye pua."

Mzungu aliposikia habari ya vidole viwili aliuliza, "Vidole vya nani?" Akaja na rula, akavipima vidole vya baba na kuandika daftarini, na baba akamnyooshea mkono kwa subira kama yuko kwa daktari. Siku mbili mhandisi alipiga hesabu. Siku ya tatu akatoka masikio yakiwa mekundu kama magoti. "Mzee iko sawa," akasema.

Tukainenepesha pua. Nilivuka feri mbio kwenda kumweleza baba. "Alhamdulillahi," akasema. "Na bakuli halijambo?" Sikusema naye mpaka Ijumaa.

Boti ilipotolewa kwenye kalibu ilikuwa nyeupe, laini, haina kiungo hata kimoja. Baba aliigonga kwa kidole na kuinusa. "Haina harufu," akasema. "Mtu atajuaje kama i hai?" Akaenda zake. Niliumia, na sitaficha.

Asubuhi ya mashindano nilifika na brashi na rangi ya buluu ili niandike jina la boti nyuma yake. Harufu ilinipokea langoni. Boti nzima ilikuwa inameremeta rangi ya manjano, na baba ameketi juu ya debe, tambara mkononi, kopo miguuni.

"Baba! Umefanya nini?"

"Nimelipaka sifa."

"Lakini hii ni faiba! Faiba hainywi mafuta!"

"Nimeona. Lakataa kunywa. Nimelipaka mara tatu."

Nilijaribu kuandika jina. Herufi zikateleza moja moja mpaka chini. Mzungu alikuja, akasimama, akaishika pua yake. Nikajua leo nafukuzwa kazi. Nikamweleza haraka haraka kwamba mafuta haya na kule kusifiwa, kwa Kiswahili, ni neno moja. Akamgeukia baba. "Asante, mzee," akasema, bado pua kaishika.

Tulishindana hivyo hivyo, bila jina, mimi na Mzungu botini. Wakati wa kurudi upepo ulikuja kwa nyuma, na boti za wenzetu zikaanza kuinamisha pua na kuchota maji. Yetu ilinyanyua yake ikapita. Nilipiga vigelegele peke yangu na Mzungu naye akajaribu. Tulifika wa pili.

Pwani karani wa mashindano alikuwa na karatasi yake, anazunguka boti yetu akitafuta maandishi. Akamuuliza mtu aliyekuwa karibu, naye alikuwa baba.

"Mzee, hii haina jina. Niandike nini?"

"Andika," baba akasema, "chombo cha mwanangu."

Nilikuwa majini mpaka kiunoni, nimeshika kamba, nanuka papa, na nililia kwa sauti mbele za watu.