Sauti ya Jirani Inanguruma Sebuleni Kwangu

Admin, nifichie jina tafadhali, maana hapa mtaani Utemini, Singida, hata kuku wananijua. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na mbili, mwalimu wa shule ya msingi, kipara kimeshafika utosini. Nina mke mmoja, Mama Neema, na ndiye ninayemwonea wivu. Chekeni tu, hata mimi najicheka.

Jirani yetu, nimwite Hamisi, ana kibanda cha movie. Anapakua tamthilia za nje mtandaoni bila kumwomba mwenye nazo, anazitafsiri kwa sauti yake mwenyewe juu ya picha, kisha anawawekea watu kwenye flashi. Mke wangu hakosi hata kipande kimoja. Kila alasiri anachambua choroko kwenye ungo huku Hamisi ananguruma kwenye runinga: "Sasa huyu bwana hapa anajifanya hajaona!" Akichomekea utani wa Kinyiramba, lugha ya kwao mke wangu, mimi Mnyaturu naambulia nusu, mwenzangu anacheka mpaka choroko zinamwagika. Mara ya mwisho mimi kumchekesha hivyo nilikuwa nimeanguka na baiskeli.

Nikatafuta njia ya halali. Nikajiunga na app ya wenye tamthilia anayoifuatilia, ikaniambia tamthilia hiyo haipatikani nchini kwangu. Tamthilia nyingine zilikuwepo, kwa Kiingereza. Nikasema, si mimi mwalimu? Nitatafsiri. Nikakaa kando yake, nikawa nasimamisha picha kila dakika ili nifafanue. Kufika katikati amesinzia, ungo mapajani.

Basi nikaandika barua kwa ofisi ya hakimiliki, ya kumshitaki Hamisi kwa wizi. Na sikuwa namwonea. Miaka ile biashara huria ilipoingia, nikiwa kijana, nilikuwa mwimbaji kiongozi wa kwaya yetu, tukarekodi kanda tuuze ili tununue kinanda. Kabla hatujamaliza kuuza boksi la kwanza, watu wa stendi walikuwa wameshaidurufu na kuisambaza. Kinanda hatujanunua mpaka leo. Uchungu wa kuibiwa naujua. Lakini niseme kweli: Hamisi angekuwa na sauti ya chura, barua hiyo nisingeiandika.

Jumamosi nikamfuata kibandani.

"Shikamoo mwalimu," akaniamkia, utadhani namzidi miaka ishirini na si mitano.

Nikamwambia kazi yake ni wizi. Akajibu kwa upole, "Mwalimu, nionyeshe duka hapa Singida linalouza hii tamthilia kwa Kiswahili, nifunge leo."

"Kutouzwa si ruhusa ya kuchukua."

"Sawa mwalimu. Msalimie mama."

Msalimie mama! Nikarudi nyumbani nimefura, nikamsomea mke wangu barua yote. Akasikiliza, akaweka ungo chini.

"Baba Neema, unajua nilikupendea nini?"

"Nywele."

Hakucheka. "Sauti. Kwetu Iguguno kanda yenu haikufika dukani. Kaka aliileta kutoka stendi, ile ya kudurufu, jina limeandikwa kwa kalamu. Nilikusikiliza mwaka mzima kabla sijakuona. Nisingeipata ile, ningekujulia wapi?"

Miaka ishirini na sita ya ndoa, hakuwahi kuniambia. Nilibaki nimesimama na karatasi yangu kama mwanafunzi aliyekosea ubaoni.

Sasa barua iko mfukoni mwa shati wiki ya pili. Nikiipeleka, Hamisi anafunga kibanda, wanawe wanalala njaa, na mke wangu anakaa na choroko zake kimya. Nikiichana, ni kama nimesema kanda yetu iliibwa kwa haki, na yule bwana anaendelea kunguruma sebuleni kwangu.

Halafu jana Mama Neema, macho kwenye ungo, akaniuliza, "Kwani wewe siku hizi mbona huimbi?"

Ndugu zangu mnaosoma, nisaidieni mawazo. Barua niipeleke au niichane? Na mtu wa umri wangu, aliyenyamaza miaka yote hii, anaanzaje kuimba tena ndani ya nyumba yake bila kuchekwa?