Korongo wa Miguu Mitatu

Chekeni tu, mimi mwenyewe nimeshachoka kuona haya, lakini Mbale kuna kanisa ambalo mpaka leo nikilipita naongeza mwendo.

Miaka ile ya tisini nilikuwa nasimamia mashine ya kutarizi pale Jinja, inaendeshwa na kompyuta, na kompyuta yenyewe ilikuwa na kumbukumbu ya kujikagua: kosa dogo inalisahihisha yenyewe kimyakimya, kosa likiizidi nguvu inagoma, kazi inasimama. Sasa mama yake Khainza, mchumba wangu, alikuwa kiongozi wa kwaya Mbale, akaniletea kazi kupitia binti yake (maana desturi ya huku hairuhusu mkwe kumtazama mama mkwe usoni): majoho ya kwaya nzima, kila joho na korongo kifuani. Wazee wakasema wazi kwamba kazi hiyo ndiyo itaonyesha kama mimi ni mtu wa kupewa binti.

Na wiki hiyohiyo ndipo mashine ikaamua kunitesa! Joho moja, imegoma. Naiwasha upya, imegoma. Kipande cha kumbukumbu kimeharibika, na cha aina ile mpaka kiagizwe Nairobi. Hasira zikanipanda, nikavitoa vipande vyote vya kumbukumbu, nikatia vya kawaida, vikuukuu, visivyokagua chochote, nilivyong'oa kwenye kompyuta ya ofisini. Ikatulia, tii! Korongo wa kwanza akatoka mzuri kabisa, basi waliofuata nikawa nawakunja na kuwatia guniani bila kuwaangalia, kwani kompyuta si hurudia kilekile?

Jumapili nikafika na gunia ibada imeshaanza, kwaya ikavaa mbiombio uani, ikaingia. Mimi nimekaa, macho chini, maana mama mkwe yuko mbele. Nasikia vicheko. Nikadhani ni furaha, banange! Mchungaji akauliza, "Aliyetarizi haya yuko wapi?" Nikasimama, macho bado kwenye viatu, natabasamu kama bwana harusi. Kanisa zima likaangua kicheko, ndipo nikainua macho.

Korongo mmoja ana miguu mitatu. Mwingine shingo imekimbilia begani. Mwingine jicho liko tumboni, na wa mama mkwe hana kichwa kabisa! Hakuna wawili waliokosewa namna moja, hata ningekusudia nisingeweza.

Nje, mama mkwe akanipa mgongo, akamwambia binti yake kwa sauti ya kunifikia, "Muulize huyo bwana, mashine haikumwonya?"

"Ilikuwa inalalamika kila saa," nikajibu. "Nikatoa kumbukumbu inayolalamika, nikatia isiyolalamika."

Khainza akanikazia macho. "Na mimi nikilalamika, utanitoa?"

Nikaanza kukusanya majoho, jamani. Harusi ikasogezwa mpaka kipande kipya kifike na majoho yote yatariziwe upya. Siku hizi mke wangu anaanza kulalamika tangu chai ya asubuhi, na mimi, naapa, namsikiliza mpaka mwisho.