Mayai ya Mama Kabedi Kwenye Mnada wa Mavuno

Duka la Mama Kabedi liko Manika, mjini Kolwezi, ukingoni mwa barabara ambayo vumbi lake huwapaka wote rangi moja, mwenye gari na mwenye kandambili. Anauza unga, mafuta ya kupima kwa chupa, sukari ya kikombe, sabuni ya vipande, na mayai. Mayai ndiyo yaliyomlisha. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, na binti akabaki kuuza. Kwa mayai alisomesha watoto wanne, na kwa mayai anamtunza mume wake, Tata Muamba, tangu kampuni ya madini ilipomrudisha nyumbani na magoti mabovu na barua ya shukrani.

Watu walimsifu kwa upole, na sifa hiyo ilimgharimu. Mteja alichukua alichotaka, akasema, "Andika, mama," akaenda zake. Mama Kabedi hakuwahi kuandika kitu. Alikumbuka. Aliamini kwamba mtu mwenye haya hahitaji kuandikwa, na asiye na haya hatalipa hata ukimwandika kwa wino wa serikali.

Halafu bei ya mayai ikapanda. Mengi ya mayai tunayokula Kolwezi huja na malori kutoka Zambia. Mahindi ya kuku yakipanda huko, au lori likilala mpakani, ni sisi tunaolipia. Yai la franka mia tano likawa mia saba, kisha elfu moja. Mji unaochimba kobalti ya betri za kuendesha magari ya watu wengine unashindwa kufuga kuku wa kujilisha wenyewe, na wenye mji hawaoni aibu. Wanamgeukia mwanamke wa dukani.

"Mama Kabedi, kuku yako inataga zahabu?"

"Ingekuwa inataga zahabu, mayai ningeyalalia mi mwenyewe."

Walicheka, wakachukua, wakasema, "Andika."

Sadrack, mfanyabiashara wa jumla anayeshusha mayai kila Jumatatu, alikuwa na desturi ya kumwachia plato kumi, kila plato mayai thelathini, na kupokea pesa zake wiki inayofuata. Wiki hiyo alibadilisha.

"Mama, na mi wananiomba feza mbele. Jumatatu ukuwe nayo mukononi. Dola mia na kumi, plato kumi. Ukikosa, nafasi yako napatia mwingine. Usinichukie."

"Siwezi kukuchukia, Sadrack. Wewe hujakula mayai yangu."

Mama Kabedi alimjua vizuri aliyekula. Alikuwa Tata Polycarpe Ngeleka, karani wa kampuni moja ya madini, mwenye gari, mwenye suti tatu, na msimamizi wa sikukuu ya mavuno kanisani kwao. Kwa miezi minne nyumba yake ilikula kwenye duka la Mama Kabedi: mayai kila asubuhi, mafuta, sukari, unga. Hakuja yeye. Alimtuma mke wake, Mama Blandine, ambaye alisema "andika" akiangalia chini. Jumla ilikuwa dola mia na kumi, kila kitu kwa bei ya siku kilipochukuliwa, bila kuongeza hata franka. Deni hilo likilipwa, duka litaendelea. Lisipolipwa, Jumatatu ndiyo mwisho wa mayai, na duka bila mayai ni meza tu.

Jumamosi Mama Kabedi alikwenda kwake. Tata Polycarpe alikuwa uani, akisimamia gari lake likioshwa.

"Mama Kabedi! Karibu. Sisi tunatayarisha mavuno ya Bwana. Na wewe unatayarisha nini?"

"Natayarisha njaa, tata. Nimekuja kwa ile deni."

"Aa, mama. Sosiete haijalipa mishahara. Mwisho wa mwezi."

"Mwezi gani, tata? Hii ni ya ine unaniambia mwisho wake."

"Wewe ni mukristo ao benki?"

"Benki ingekuwa imeisha kubeba hii gari."

Tata Polycarpe alicheka kwa sauti, kama watu wanavyocheka wanapotaka jirani asikie kwamba hakuna ugomvi. Kisha akashusha sauti. "Tena usiniletee bei ya leo. Mi nilikula yai ya mia tano."

"Sikuleta bei ya leo. Lakini ile yai uliyokula kwa mia tano, kwenda kuirudisha dukani ni elfu. Ile ingine mia tano nani analipa?"

"Mungu," alisema Tata Polycarpe, na hakuona haya. "Kesho usisahau plato yako ya mavuno. Familia yako haijakosa hata mwaka mumoja."

Hapo ndipo alipomjeruhi, kwa maana ilikuwa kweli. Tangu mama yake alipokuwa hai, nyumba yao ilipeleka kanisani sehemu ya kwanza ya biashara yao. Dukani ilikuwa imebaki plato moja nzima. Muamba alimwambia aiache, aiuze Jumatatu.

"Mungu hakunikopa kitu," alijibu. "Yake nitampa."

Jumapili kanisa lilijaa. Anayejua desturi yetu anajua mnada wa mavuno: mihogo, ndizi, jogoo aliyefungwa miguu, magunia ya mahindi, vyote huletwa mbele, na baada ya mahubiri huuzwa kwa anayetaja pesa nyingi. Kwaya huimba kati ya kitu na kitu. Pesa ni za kanisa. Desturi hiyo ilikuwa nzuri. Sasa wakubwa wameifanya uwanja wa kuonyeshana vifua: mtu hununua papai kwa dola ishirini ili apigiwe vigelegele, na nyumbani mfanyakazi wake hajapata mshahara. Anayepigiwa vigelegele kwa pesa ya mwenzake ni mwizi. Kwamba ameiba akiwa amevaa tai hakupunguzi kitu.

Mwenye kunadi alikuwa kijana Louis, mcheshi, mwenye koo la chuma. Aliinua plato ya Mama Kabedi juu ya kichwa.

"Mayai! Mayai ya siku hizi! Bapendwa, hii si chakula tena, ni mali! Nani anaanza?"

"Kumi!"

"Kumi? Tata, unanunua maganda?"

Kanisa likacheka. Tata Mukuna, mwenye duka la simenti, akasema thelathini. Tata Polycarpe akasema arobaini. Mukuna hamsini. Ndipo Tata Polycarpe aliposimama, akafungua koti, akatoa bahasha, na kuipepea ili hata waliokaa nyuma waione.

"Dola makumi nane! Na si ahadi. Hii hapa!"

Vigelegele vikapanda hadi kwenye mabati. Mama Kabedi, kwenye benchi la akina mama, aliiona bahasha. Jana, kwa maneno yake, kampuni haikuwa imelipa. Jana jibu lilikuwa "mwisho wa mwezi." Kabla hajajua anafanya nini alikuwa amesimama.

"Mia na kumi."

Louis akageuka. "Mama Kabedi! Unanunua mayai yako mwenyewe?"

"Mi njo nanunua, mi mwenyewe."

"Ni ahadi ao feza?"

"Feza. Iko hapa kanisani. Iko kwa Tata Polycarpe. Ni mayai alikula kwangu miezi ine, na mafuta, na sukari. Muchukue kwake."

Kicheko kilianza upande mmoja kikafia njiani. Pasta Kabasele akainuka kwenye kiti chake cha mbele. "Mama, mambo hayo tutazungumza ofisini."

"Ofisini nilikuja mara mbili, Pasta. Uliniambia tuombe. Tuliomba."

"Hapa ni nyumba ya Mungu," alisema Tata Polycarpe. "Mambo ya duka haiingie hapa."

"Mayai ya duka iliingia. Ile hapa mukononi ya Louis."

"Ni uongo! Mwanamke huyu—"

"Si uongo." Aliyesema alikuwa Mama Blandine, mke wake. Hakusimama. Aliendelea kuangalia chini, kama alivyofanya dukani. "Mi njo nilienda kuibeba. Kila siku."

Halafu Tata Polycarpe akaenda mbele kwa hatua nzito, akapiga bahasha juu ya meza ya mtunza hazina. Dola themanini. Watu wote walimwangalia, basi akatoa pochi, na humo akahesabu thelathini nyingine bila kutafuta mfuko wa pili. Alikuwa nazo zote. Siku zote alikuwa nazo.

"Haya! Sasa huna kitu kwangu."

"Sina. Na wewe huna kitu kwangu. Hata yai moja."

Louis, ambaye hakujua afanye nini, akapaza sauti, "Aleluya!" Kwaya ikaimba kwa nguvu kupita kiasi. Mtunza hazina akaweka dola mia na kumi sandukuni, Pasta akalibariki sanduku, na katika mikutano yote iliyofuata hakuna mzee wa kanisa hata mmoja aliyeuliza pesa ile ilikuwa ya nani kabla ya kuwa ya Bwana. Waliuliza tu kwa nini Mama Kabedi hana adabu.

Alirudi nyumbani na mayai thelathini. Muamba alisikiliza habari yote, akisugua magoti.

"Mama, umechoma nyumba kwa kumukasirikia panya. Ungengoja atoke nje, ungeshika ile bahasha."

"Angetoka nje na gari, Muamba. Ningeshika moshi."

"Na kesho Sadrack utamupa nini?"

Hasira ilikuwa imemsemea, na sasa ilikuwa imemwacha peke yake na hesabu. Alijua kwamba mume wake ana haki. Alijua pia kwamba, kama ingekuwa kusimama tena, angesimama.

Jumatatu Sadrack alishusha mayai. Habari ilikuwa imemfikia kabla ya lori.

"Feza iko wapi, mama?"

"Iko kanisani."

"Kumbe Mungu naye anauza jumla siku hizi? Anipe bei yake." Kisha akaona uso wake, akaacha utani. Kwa pesa zilizokuwa kwenye kopo la dukani alimpa plato mbili. Plato nane alizipeleka kwa mwanamke wa barabara ya pili, na nafasi ya Mama Kabedi ikaenda nazo. Hakuomba aachiwe hata moja kwa deni. Asingeweza kuomba kwa Sadrack neno lile, "andika", ambalo hataki kulisikia tena dukani kwake.

Siku hiyo hakuna aliyechukua bila kulipa. Walikuja, wakaona uso wake, wakatafuta noti mifukoni, na ajabu ni kwamba walizipata. Wengine walipita wakaenda barabara ya pili. Aliwaona wakipita, akaendelea kupanga sabuni.

Jioni akaja Tina, binti mkubwa wa Pasta Kabasele, msichana mwenye heshima zake.

"Jambo, mama. Mama anasema umupatie mayai kumi."

Mama Kabedi akahesabu kumi, akayafunga vizuri, akayaweka mezani. Mkono wake mmoja ulibaki juu yake.

"Elfu kumi, mwanangu."

Tina akaangalia viatu vyake. "Baba anasema… uandike."

Mama Kabedi hakupaza sauti. Msichana hakuwa na kosa. Ametumwa, kama Blandine alivyotumwa. Ni desturi ya wenye heshima kutuma wengine kubeba aibu yao.

"Kamuambie baba yako, Mama Kabedi hajui kuandika. Akitaka mayai, aje yeye mwenyewe, mchana, na feza mukononi, watu wote bamuone."

Akafungua kifurushi, akarudisha mayai moja moja kwenye plato.